Safari ya Kakamega: Nyumba Iliyojiandaa kwa Pigo la Pili



Ndugu zetu wasomaji, mama zetu na dada zetu, juma hili twawachukua mbali na bahari, hadi nchi ya juu ambako mawimbi hayafiki lakini mbingu hunguruma karibu kila alasiri ya msimu wa mvua. Tulialikwa na ndugu zetu Waislamu wa Mumias kwa darasa la siku chache, nasi tukapata nafasi ya kukaa Kakamega muda uliotosha kuona, kuuliza na kusikiliza. Tuliyoyaona huko yahusu jambo ambalo kila mwenye nyumba ataulizwa: amewaandaa vipi walio chini ya paa lake kabla ya siku ya msiba? Twaona ni amana kuyafikisha kwenu, kwani pwani yetu nayo ina majanga yake, na majanga hayapigi hodi.

Kutoka Mombasa hadi Kakamega ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Baada ya Kisumu, barabara huanza kupanda katikati ya mashamba ya mahindi na migomba, na nyumba husogeleana hata msafiri asijue kijiji kimoja kimekoma wapi na kingine kimeanzia wapi. Kabla ya kuingia mjini hukutana na lile jiwe mashuhuri la Ilesi, jabali lililosimama juu ya jabali jingine, na maji yakilichuruzika mfano wa machozi. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake upo Msitu wa Kakamega, ambao wataalamu husema ni mabaki ya mashariki kabisa ya ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Upande wa magharibi iko Mumias, makao ya Nabongo Mumia wa Wawanga, ambako Uislamu uliingia pamoja na misafara ya biashara iliyotoka huku kwetu pwani. Kwa hiyo yeyote katika sisi anayekwenda huko asijione mgeni kabisa. Atasalimiwa kwa "Mulembe", kisha kwa salamu ya Kiislamu, na atakirimiwa kwa kuku na ugali mpaka aombe radhi.

Mvua ya Kakamega hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, takriban maradufu ya ile ya Mombasa. Sababu yake ni sunna ya Mwenyezi Mungu katika maumbile, nayo yaeleweka kwa urahisi. Mchana jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko linavyolipasha Ziwa Viktoria. Upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuelekea mashariki, hukutana na upepo mwingine utokao mashariki, hupandishwa na milima ya upande wa Nandi, na hewa hiyo ikipanda hupoa na kuwa mawingu mazito. Basi alasiri hushuka mvua, na pamoja nayo radi. Eneo lile lahesabiwa miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi katika Kenya nzima. Mahali ambapo sisi twauliza kama mvua itanyesha, wao huuliza itaanza saa ngapi.

Nyumba tuliyokirimiwa ilikuwa ya kawaida: kuta za matofali, paa la mabati, jiko la nje, ng'ombe wawili. Tulitazama namna mama mwenye nyumba anavyoiendesha alasiri yake. Ilipofika saa nane mchana, mbingu ingali nyeupe, nguo zilikwisha anuliwa, kuni zimeingizwa ndani, ng'ombe wameondolewa chini ya mti, na redio imechomolewa ukutani. Hakuna aliyepigiwa kelele. Mtoto wa miaka saba alikuwa na kazi yake, na wa miaka kumi na mitatu alikuwa na yake. Umeme ulipomulika kwa mbali, watoto walianza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi ngurumo iliposikika. Sauti huchukua kiasi cha sekunde tatu kwenda kilomita moja. Kwa hivyo hesabu ya tisa maana yake ni kilomita tatu. Hesabu ikifika thelathini au ikipungua hapo, hakuna ruhusa ya kuwa nje.

Lakini kilichotufunza zaidi ni yaliyofuata. Mvua ilikatika, jua likachomoza, na ndege wakaanza kulia. Sisi tulikwisha nyanyuka kwenda kutawadha kwenye bomba la nje. Watoto wakatuzuia kwa adabu: "Bado, sheikh. Nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho." Mama yao akatufafanulia kwamba watu wengi anaowajua yeye waliopigwa na radi hawakupigwa mvua ilipokuwa ikinyesha, bali walipodhani imekwisha. Na ndivyo wanavyosema wataalamu wa mambo haya: radi huweza kushuka mbali na mvua yenyewe, na dakika thelathini baada ya ngurumo ya mwisho ndicho kipimo cha usalama.

Hapo likatuingia neno ambalo tulilibeba safari nzima, nalo ni hili: pigo la kwanza ni la qadari, na mara nyingi hatuna uwezo nalo, pigo la pili ndilo huwakuta watu wakiwa wameinuka, wamefungua mlango, wametoka nje. Nyumba iliyojiandaa ni ile inayolijua pigo la pili kabla halijafika.

Waliotueleza habari za mwaka 2007 walitutilia mkazo neno hilo bila wenyewe kukusudia. Mwezi wa Agosti mwaka huo, baada ya mvua nyingi, mteremko uliporomoka katika kijiji cha Khuvasali, upande wa Malava, kaskazini mwa Kakamega. Udongo uliwafunika watu. Majirani wakakimbia na majembe na mikono mitupu kuwafukua wenzao, kama alivyotakiwa kila mwenye imani na huruma. Wakiwa katika kazi hiyo, mlima ukaporomoka mara ya pili, ukawafunika waliokuja kuokoa. Twaomba wasomaji walitafakari jambo hili kwa utulivu. Wale hawakufa kwa uzembe wala kwa ukaidi. Walikufa kwa wema wao, kwa sababu wema ule haukupata mtu wa kusimama pembeni na kuutazama mlima.

Na wenyeji wa miteremko wanazo alama zao, ambazo yafaa zijulikane popote palipo na ardhi ya kuinama: ufa mpya ardhini, mti au nguzo iliyoanza kulala, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama, chemchemi iliyokuwa safi ikageuka tope, au sauti ya kuvuma kutoka juu. Alama moja katika hizo, mvua ikiwa imenyesha siku nyingi, yatosha watu kulala kwingine usiku huo.

Mjini Kakamega kuna msiba mwingine ambao watu wa huko hawajausahau. Jumatatu tarehe 3 Februari 2020, jioni, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipokuwa wakitoka madarasani, palitokea msongamano kwenye ngazi za ghorofa. Watoto zaidi ya kumi walifariki dunia na wengine wengi wakajeruhiwa. Chanzo chake twawaachia wenye dhamana ya kuchunguza. Sisi twatazama jambo moja tu. Hapakuripotiwa jengo kuanguka wala mafuriko. Palikuwa na ngazi na watoto wengi kwa wakati mmoja. Katika misongamano ya namna hii, aliyeanguka kwanza pengine angeweza kujiinua. Kinachomwua ni uzito wa wanaofuata, nao husukumwa na walio nyuma wasioona kilichotokea mbele. Pigo la pili tena, na safari hii lilitoka kwa watoto wenyewe, wasio na hatia yoyote.

Hapa baadhi ya wasomaji watasema: "Ajali haina kinga." Ni methali yetu, na ina ukweli wake. Lakini tusiigeuze mto wa kulalia. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipofika Sargh akielekea Shamu na kuambiwa kuna tauni, alirejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka katika qadari Yake kuelekea katika qadari Yake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza yule bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo ategemee. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, hakuwaambia watu wa Misri waingoje njaa kwa subira. Aliwafunza kuweka nafaka ndani ya mashuke yake miaka saba kabla. Kujiandaa ni sehemu ya tawakkul, na anayeacha kujiandaa hajategemea bali amepuuza.

Kuna pia maneno ambayo hatuna budi kuyakemea. Huko Kakamega, kama huku kwetu, wako wanaodai kwamba radi hutumwa na mtu kumwendea adui yake. Tuliwaambia waliotuuliza kwamba sura ya 13 ya Qur'ani imeitwa kwa jina la radi, na inatufunza kwamba radi humsabihi Mola wake. Basi haiwezi kuwa mtumwa wa mganga. Dhana hiyo ina madhara mawili. Hufarakanisha majirani, na humfanya aliyepigwa aogopwe, aachwe chini bila kuguswa. Nayo hakika ni kwamba aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Aguswe, na kama hapumui na hana mapigo, akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Wengi walioonekana wamekufa wamerudi kwa njia hiyo kwa idhini ya Allah. Na kama aliyeanguka ni mwanamke na aliye karibu ni mwanamume, au kinyume chake, dharura huhalalisha lililokatazwa. Hakuna haya katika kuokoa roho.

Sasa turejee kwetu pwani. Je, sisi hatulijui pigo la pili? Siku ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalivuka bahari nzima ya Hindi. Somalia walikufa watu karibu 300. Kenya alikufa mtu mmoja tu, kwa rehema ya Mungu na kwa sababu tahadhari iliwahi na watu wakaondolewa fukweni. Na tujue tabia ya janga hilo: mara nyingi maji hukimbia kwanza, samaki hubaki wakirukaruka mchangani, na watu hushuka kuwaokota. Kisha bahari hurudi. Na ikirudi mara moja, huenda ikarudi tena na tena kwa saa kadhaa. Aliyeshuka kutazama mali iliyobaki hukutwa na wimbi linalofuata.

Wakumbuke pia wazee wetu mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997. Maji yaliharibu barabara na nyumba, lakini yalipotulia kikaja kipindupindu, na huko Garissa ikazuka Homa ya Bonde la Ufa. Wengi walionusurika na mafuriko waliuguzwa na kikombe cha maji. Hilo nalo ni pigo la pili, nalo huingilia jikoni, mahali ambapo mama ndiye mlinzi.

Basi nyumba zetu zifanye nini? Twataja machache ambayo kila familia yaweza kuyatimiza kabla ya masika, bila gharama kubwa.

La kwanza ni mlango. Nyumba zetu nyingi zina vyuma madirishani na geti lenye kufuli. Ufunguo uwe na mahali pamoja pajulikanapo na kila mtu, hata mtoto, na usiku usitolewe mahali hapo. Karibu na mlango utundikwe msumari wenye buibui moja na leso mbili, ili mwanamke asirudi ndani ya moshi kutafuta sitara. Tunawaambia wazi dada zetu: ikiwa sitara haikupatikana na moto umefika, tokeni. Sheria ya Mola wenu haikuwekwa ili iwachome.

La pili ni mahali pa kukutania. Familia ikubaliane mahali pamoja nje, kama vile mlango wa msikiti au chini ya mti fulani ulio wazi, na mwengine wa mbali ikiwa mtaa hauingiliki. Kila anayetoka aende huko na akae. Mtu mmoja awe na kazi ya kuhesabu. Baba anayerudi motoni kumtafuta mtoto ambaye amekwisha fika kwa jirani ni msiba wa pili uliotengenezwa na familia yenyewe kwa kukosa makubaliano.

La tatu ni maji. Mtu mmoja huhitaji kiasi cha lita 4 kwa siku kwa kunywa na kupika. Nyumba ya watu sita kwa siku tatu ni lita 72, yaani madumu manne ya lita 20, yaliyofunikwa na kubadilishwa mara kwa mara. Baada ya mafuriko, maji ya kisima yasinywewe hadi yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana safi. Pamoja nayo iwekwe tende, unga, chumvi, kiberiti, tochi, na redio ndogo ya betri.

La nne ni mfuko mmoja usioingia maji: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya nyumba, dawa za sukari na presha za kutosha juma zima, pesa kidogo za mkononi, na nambari za simu zilizoandikwa kwa kalamu. Simu ikizima, nambari zilizo ndani yake huzima nayo. Nambari za dharura za 999 na 112, na ile ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ziandikwe ukutani mahali mtoto anapoweza kuzisoma. Matangazo ya Idara ya Hali ya Hewa nayo yasikilizwe kama tunavyosikiliza tangazo la mwezi mwandamo.

La tano ni ngazi. Madrasa zetu nyingi ziko ghorofani, katika majumba ya zamani yenye ngazi nyembamba. Walimu wawafunze watoto kushuka mstari mmoja, darasa moja baada ya jingine, na mwalimu asimame juu na mwingine chini. Akianguka mmoja, walio juu wasimame na kupaza sauti: "Simama!" Zoezi hili lifanywe kila muhula. Methali yetu ya kuikemea haraka isibaki daftarini, ifundishwe miguu.

La sita ni jirani. Kila mtaa ujue nyumba ipi ina mzee asiyetembea, mjamzito, asiyeona au mjane aishiye peke yake, na nani ana jukumu la kumtoa. Na watu wakikusanyika kuokoa, mmoja asiguse jembe wala ndoo: kazi yake iwe kutazama mlima, ukuta, maji au waya wa umeme, na kuita watu warudi. Hili ndilo deni letu kwa watu wa Khuvasali.

Na mengine tunayo tayari katika dini yetu, ila tumeyasahau. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, milango ifungwe na vyombo vya maji na chakula vifunikwe, na akaeleza kwamba panya huweza kuburuta utambi akaiunguza nyumba. Leo utambi umekuwa jiko la gesi, mshumaa na chaja ya simu, lakini amri ni ile ile. Siku ya mvua kubwa, imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alimwamuru mwadhini awaambie watu waswali majumbani mwao, hata siku ya Ijumaa. Asiwepo basi wa kumlaumu mzee aliyebaki nyumbani barabara zikiwa mito. Na Abdullah bin Zubayr alikuwa akisikia ngurumo huacha mazungumzo na kumsabihi Allah. Watoto wetu nao, wakiona umeme, wahesabu kama wale wa Kakamega, na wakisikia radi wamtaje Mola wao. Hesabu na dhikri havigombani.

Twapendekeza kila familia itenge jioni moja baada ya Maghrib, watu wote wakiwa wamekaa, wazungumze mambo haya sita, kisha wayajaribu: wazime taa, watafute mlango, wafike mahali pa kukutania, wahesabiane. Haitachukua zaidi ya nusu saa, nayo ndiyo nusu saa ile ile tuliyozuiwa kutoka nje na watoto wa Kakamega.

Ewe Mola wetu, zihifadhi nyumba zetu na za majirani zetu, warehemu waliotutangulia kwa maji, moto na udongo, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaofunga ngamia kisha wakakutegemea Wewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.